Kavaludaari: je, miaka 40 inaweza kufuta mauaji?

Mwanamuza (Tanga)
Ndugu zangu, nimeitazama Kavaludaari, filamu ya mwaka 2019 ya Kikannada, lugha ya kusini mwa India, iliyoongozwa na Hemanth M. Rao, na siku ya tatu hii haijanitoka kichwani. Kwa ambao hawajaiona, Shyam ni askari wa trafiki jijini Bengaluru anayetamani kazi ya upelelezi. Mifupa ya binadamu inafukuliwa katika eneo la ujenzi wa reli ya metro, naye, ingawa kesi si yake, anashindwa kuiacha. Inamfikisha kwa Muthanna, polisi mstaafu aliyeigizwa na Anant Nag, ambaye mauaji hayohayo yalimshinda takriban miaka 40 nyuma, na kadiri wanavyochimba ndivyo nyayo zinavyoelekea kwa wanasiasa. Mwisho sitaufichua. Ninachoomba kufahamu ni hiki: je, sheria ya India humwachia muuaji kwa kuwa miaka imepita? Na mtu mwenye damu mikononi anawezaje kupanda hadi kuomba kura, faili lake likiwa halijaguswa?

Wakili Mstaafu (Dar es Salaam)
Dada Mwanamuza, swali lako la kwanza lina jibu fupi. Ukomo wa muda katika sheria ya jinai ya India unahusu makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Mauaji hayamo, hata ikipita miaka 100. Kinachokufa ni ushahidi. Shahidi anazeeka au anafariki, karatasi zinaliwa na mchwa, na mpelelezi aliyekuwa akiijua kesi kwa moyo anastaafu na kwenda nayo nyumbani. Ndiyo maana naona filamu ilifanya vyema kumweka Muthanna katikati ya simulizi, kwa sababu mzee yule ndiye faili lenyewe.

Tena tukumbuke miaka ya 1970 ilikuwaje kule. Kuanzia Juni 1975 hadi Machi 1977 India ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa wakati wa Indira Gandhi: magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapwa, wapinzani waliwekwa kizuizini bila kesi, na mnamo Aprili 1976 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyezuiliwa hana hata haki ya kuomba mahakama ichunguze uhalali wa kuzuiliwa kwake. Palipo na hofu ya namna hiyo, mwenye jamaa mkubwa serikalini hahitaji kuficha mengi.

Msafiri wa Muscat
Niongeze jambo la lugha, maana limenigusa. Mwenzangu wa kazini hapa ni mzaliwa wa Mangaluru, mji wa jimbo moja na Bengaluru, nami nilimuuliza maana ya jina la filamu. Alichora mstari mezani kwa kidole, kisha akaugawa mara mbili: "kavalu" ni tawi, "daari" ni njia. Nikamwambia sisi tunaita njia panda. Basi mtazameni Shyam tena, amesimama katikati ya makutano na shati lake jeupe na suruali ya kaki, anawaelekeza wengine wote njia ya kupita, ilhali mwenyewe hajui ashike ipi, ile ya kutii wakubwa au ile ya kuwatetea waliouawa.

Mwalimu Kombo (Unguja)
Swali la pili la dada halijajibiwa. Jimbo la Karnataka, ambamo Bengaluru imo, lina chombo kiitwacho Lokayukta, kinachochunguza viongozi na watumishi wa umma. Julai 2011 aliyekiongoza, Jaji Santosh Hegde, alitoa ripoti kubwa kuhusu uchimbaji haramu wa madini ya chuma huko Ballari, na mwisho wa mwezi huo Waziri Kiongozi B. S. Yediyurappa, aliyetajwa ndani yake, akajiuzulu. Mwaka 2016 mahakama maalumu ilimwachia huru katika kesi iliyotokana na sakata hilo, na ni haki kulisema hilo pia. Lakini mwaka huohuo wa 2016 serikali ya jimbo, ikiwa mikononi mwa chama kingine, iliunda kikosi kipya cha kupambana na rushwa chini ya serikali yenyewe, na polisi wa Lokayukta wakapokonywa kazi hiyo hadi Mahakama Kuu ilipokivunja kikosi hicho Agosti 2022. Hebu fikiria: kwa miaka 6, anayechunguzwa ndiye aliyekuwa mwajiri wa mchunguzi.

Kuhusu kura, tangu Julai 2013 mbunge anayehukumiwa kifungo cha miaka 2 au zaidi hupoteza kiti papo hapo, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu. Neno zito hapo ni "anayehukumiwa". Ambaye kesi yake haijaisha anaruhusiwa kugombea, na kesi ya mkubwa huchukua miaka mingi.

Mwanamuza (Tanga)
Nawashukuru sana. Leo usiku nairudia kuanzia mwanzo, na macho yangu yatakuwa kwa mzee Muthanna.