Nifanye nini na wafuatiliaji wa YouTube walionyamaza, pamoja na orodha ya namba zisizojibu?

Fundi_Sinza
Habari za kazi, wakuu. Ninafundisha ushonaji kwa video kwenye YouTube nikiwa hapa Sinza. Idadi ya waliojiunga na chaneli inapanda, lakini wanaotazama kila video mpya ni wachache mno. Pembeni ninayo orodha ya namba za simu na barua pepe za watu waliowahi kuniomba vipimo vya gauni au suruali, na kila somo likitoka huwatumia kiungo, ingawa walio wengi hawakifungui. Rafiki mmoja ananishauri nifunge chaneli nianze upya; mwingine ananivuta kwenye kundi la "nifuatilie nikufuatilie". Je, waliolala wanaiharibu chaneli? Na hawa wa kwenye orodha niwafute au niendelee kuwatumia?

Mwalimu_Temeke
Ndugu Fundi, usifunge chaneli. YouTube haina kitufe cha kuwafuta kwa mkupuo wafuatiliaji waliolala, na wala hukihitaji, kwa sababu akaunti zilizofungwa na zile za ulaghai mtandao wenyewe huziondoa kwenye hesabu. Halafu si kila aliyenyamaza amekuchoka: kujiunga peke yake hakumletei mtu taarifa ya kila video, mpaka achague taarifa zote kwenye alama ya kengele, na simu yake nayo iwe imeruhusu taarifa hizo.

Kundi la kufuatiliana liepuke kabisa. Linakiuka masharti ya YouTube, na hata lisingekiuka, lingekujazia watu wasioshona. Kigezo cha kawaida cha kugawana mapato ya matangazo ni wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90. Mtu wa kubadilishana naye hatakupa saa hizo. Tangu mwaka 2012 YouTube imeupa muda wa kutazama uzito kuliko idadi ya mibofyo.

Kwa hiyo kazi yako iko ndani ya video. Fungua YouTube Studio, yaani sehemu ya YouTube ya kusimamia chaneli yako, chagua somo moja, kisha utazame mchoro unaoonyesha watazamaji wanaondoka wapi. Nimelitazama somo lako la kola ya shati: unaanza na muziki, nembo, salamu ndefu na ombi la kujiunga, ndipo mkasi unaonekana. Mtu mwenye bando dogo, ambaye shida yake ni ncha ya kola inayojikunja baada ya kugeuzwa, hawezi kukusubiri hivyo. Anza na kola mbili mkononi, iliyokaa vizuri na iliyojikunja, useme kosa liko kwenye kupunguza kitambaa cha pembeni kabla ya kugeuza, halafu uende moja kwa moja mezani. Salamu fupi inatosha, tena inaweza kuja ukiwa tayari unakata. Mwishoni, zile sekunde 5 hadi 20 zinazoruhusu kuweka kiungo cha video nyingine zitumie kumpeleka kwenye somo linalofuata kiufundi, kwa mfano kutoka kola kwenda mikono, wala si kwenye video yoyote mpya uliyo nayo.

Dada_Ilala
Niongezee kuhusu orodha, kwani hiyo ni mali yako na ndiyo inayohitaji kusafishwa. Ikiwa unatumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo baadhi ya unaodhani wamekupuuza hawajawahi kuupata. Kwa barua pepe, tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wahakikishe malalamiko ya ujumbe taka hayafiki asilimia 0.3. Wewe hujafika huko, lakini barua zisizotakiwa humshushia sifa mtumaji yeyote.

Waandikie walionyamaza ujumbe mmoja wa heshima: "Uliniomba vipimo vya gauni. Je, niendelee kukutumia masomo?" Asiyejibu, mwondoe. Aliyekataa, usimrudie, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara.

Mkazi_Kigamboni
Nakubaliana na Dada, isipokuwa hapo pa kumwondoa asiyejibu. Ushonaji una misimu. Mzazi aliyeomba vipimo vya sare hana haja na somo lolote mpaka shule zikaribie kufunguliwa Januari, na anayeshona kanzu za familia utamwona kuelekea Idi. Ukimuuliza mtu huyo mwezi Juni atanyamaza, nawe utampoteza mteja aliyekuwa anasubiri wakati wake.

Dada_Ilala
Hoja hiyo ni nzito, nami naipokea. Basi Fundi, igawe orodha kwa kile ambacho kila mtu aliomba: sare peke yake, nguo za sikukuu peke yake, na mafundi wanaojifunza kazi peke yao. Hao wa mwisho waulize wakati wowote, kwa kuwa wao wanashona mwaka mzima. Wa sare waulize Novemba, na ujumbe huo uandamane na somo la sketi ya marinda ya shule, ili atakayejibu awe amepata cha kufanyia kazi siku hiyohiyo.