Mguu uko kwenye plasta: nifanye mazoezi gani pumzi na misuli visipotee?

Mkimbiaji
Wakuu, habari zenu. Kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika upande wa nje, upasuaji haukuhitajika. Plasta inaishia chini ya goti na daktari amekataza kukanyaga kwa wiki 6. Mazoezi yangu ni mbio za kilomita 10. Nina dambeli mbili za kilo 8 na kiti imara. Nifanyeje ili pumzi isishuke na paja lisinywee? Na nitajuaje kwamba muda wa kukimbia umefika?

Tiba ya Viungo
Pole sana mkuu. Anza na paja, maana hunywea haraka: usipokanyaga, msuli wa mbele hauna kazi.

Kaa kitandani, nyoosha mguu wenye plasta, viringisha taulo uliweke chini ya goti. Likandamize kwa nyuma ya goti mpaka uone kilegesambwa (kile kifupa cha mbele ya goti) kinapanda kuelekea nyonga. Shikilia sekunde 5, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni. Usizuie pumzi, hesabu kwa sauti. Ukishazoea, lala chali, kunja goti la mguu mzima, kaza paja la mguu mgonjwa kwanza, ndipo uuinue ukiwa umenyooka mpaka usawa wa lile goti. Paja likianza kulegea njiani, ujue nyonga imebeba kazi yote. Shusha, kaza upya. Plasta yenyewe inatosha kuwa uzito.

Mguu mzima nao usiuache. Ukiufanyisha kazi nzito, hata ule mgonjwa hubakiwa na sehemu ya nguvu zake, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza pande zote mbili. Kiti kiegemee ukuta, mguu mgonjwa uunyooshe mbele bila kugusa chini, inuka kwa mguu mmoja mara 8, seti 3.

Kocha wa Pumzi
Pumzi utailinda kwa mikono. Keti, rusha ngumi hewani sekunde 30 kwa kasi yote, sekunde 30 taratibu, mara 10. Pumzika dakika 3, rudia. Usifukuzie mapigo ya moyo ya mbio, hayatafika, kwa kuwa misuli ya mikono ni midogo. Kipimo ni mazungumzo: kwenye zile sekunde za kasi usiweze kutamka zaidi ya maneno matatu.

Dambeli sukuma ukiwa umelala chali sakafuni, halafu juu ya kichwa ukiwa umekaa. Kujivuta kwenye bomba acha kwa sasa. Kupanda hakuna tatizo, hatari ni kushuka: mkono ukiteleza utatua na plasta.

Na tafadhali usijinyime chakula kwa kuogopa kunenepa, mfupa unaunga kwa hicho hicho. Kama figo ni nzima, protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 ni kama gramu 112 kwa siku.

Mkimbiaji
Nashukuru sana. Magongo yananiumiza kwapa, vidole vya mkono vinakufa ganzi.

Tiba ya Viungo
Hapo unaning'inia kwa kwapa na kubana mishipa ya fahamu. Kati ya kwapa na gongo ziingie nafasi ya vidole viwili au vitatu, vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono, uzito wote uende viganjani. Rekebisha leo, ganzi isipoisha mwone daktari.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo: huenda damu imeganda. Vidole vya mguu vikibadilika rangi au kufa ganzi, plasta inabana, nayo haingoji kesho.

Kuhusu kukimbia: kwanza daktari athibitishe mfupa umeunga. Kisha utembee dakika 30 bila kuchechemea, na uinuke kwa vidole vya mguu ule mmoja mara 20. Pima pia ukakamavu: simama mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, linganisha umbali wa miguu yote miwili kutoka ukutani. Wengi huruka kipimo hiki, kisha kifundo kigumu kinahamishia mzigo kwenye goti. Ukifaulu, kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na uvimbe ukiongezeka asubuhi inayofuata, punguza nusu.