Fedha ya kushikia gari usiloliona: utapeli tuliouzoea mpaka tukauita utaratibu

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna jambo katika biashara ya magari yaliyotumika mitandaoni ambalo limezoeleka kiasi kwamba anayelihoji huonekana mshamba au mnunuzi asiye na nia, nalo ni fedha ya kushikia. Mtu hajaliona gari, hajaishika kadi ya usajili wa gari, hajui hata mtaa ambao gari limeegeshwa, lakini anaambiwa atume laki tatu au laki tano ili gari lisiuzwe kwa mwingine. Dai langu ni hili: fedha hiyo haitakiwi kuwepo kabisa kabla gari halijaonekana, na kila dalali na kila ukurasa wa matangazo unaoiendeleza, hata kama wenyewe ni wakweli, ndio wanaomsafishia tapeli njia.

Mdogo wangu ni mwalimu wa sekondari mkoani Singida. Mwezi uliopita aliona tangazo la Toyota IST katika ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi, ukurasa ambao sitautaja kwa kuwa suala lenyewe liko kituoni. Maelezo yalikuwa yale yale tunayoyajua sote: gari limenyooka, injini haijafunguliwa, kiyoyozi kinagandisha, mtumiaji alikuwa mama mmoja tu, kazi yako ni kuweka mafuta na kuondoka. Bei ilikuwa milioni sita na nusu, wakati magari ya aina hiyo aliyoyaulizia kwingine yalikuwa yanatajwa kwa milioni kumi na kuendelea. Alipopiga simu, dalali alimweleza kwamba mmiliki anakwenda masomoni nje ya nchi, kwamba mteja mwingine kutoka Morogoro yuko njiani na fedha taslimu, na kwamba kama kweli analitaka gari atume laki tano. Akatuma. Kesho yake akaambiwa kuna deni la maegesho pale yadi, aongeze laki mbili ambazo zitakatwa kwenye bei. Akatuma tena. Baada ya hapo simu haikupokelewa, na alipoandika chini ya tangazo kwamba ametapeliwa, maoni yake yalifutwa na yeye mwenyewe akafungiwa.

Najua wapo watakaokuja hapa kusema kwamba tamaa ya bei rahisi ndiyo iliyomponza. Hoja hiyo imenichosha. Mwalimu wa Singida anayetafuta gari Dar es Salaam anapaswa kuomba ruhusa kazini, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, kulala na kula, na pengine kumlipa fundi wa kumsindikiza. Dalali analijua hilo vizuri kuliko yeye, ndiyo maana neno lake la kwanza ni kwamba ukija bila kushikia utakuta limeondoka. Kinachomtuma mtu wa mkoani kutoa fedha ni hofu ya kusafiri bure. Tapeli hauzi gari, anauza nafuu ya hiyo hofu, na amejifunza maneno yake kwa kuwasikiliza madalali halali ambao nao huwaambia wateja wao maneno hayo hayo kila siku.

Baada ya tukio niliomba anitumie picha za tangazo, na nilichokiona kilinikasirisha zaidi ya wizi wenyewe. Tangazo lilisema gari ni la mwaka 2010. Umbo lililo kwenye picha ni IST ya kwanza, ile yenye chasisi za NCP60 na NCP61, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002 na kuiachia njia mwaka 2007 ilipoleta umbo jipya la NCP110. IST ya umbo lile ya mwaka 2010 haipo duniani. Namba ya mbele ilikuwa imezibwa kwa kidole, lakini pembeni mwa kidole kibao kilionekana kuwa cheupe, na kila mtu hapa Tanzania anajua kwamba gari binafsi lina kibao cha njano na cheupe ni cha gari la biashara. Kwa hiyo ama yule mama mmoja alikuwa dereva wa teksi, ama picha ilipigwa Kenya, ambako gari binafsi hubeba kibao cheupe mbele. Picha ya ubavu wa kushoto ina rimu za aloi na ya ubavu wa kulia ina vifuniko vya plastiki juu ya rimu za chuma. Ndani, mita inasoma kilomita elfu sitini na kitu, huku ngozi ya usukani imebanduka na mpira wa pedeli ya breki umelika mpaka chuma kinachungulia. Haya yote yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mwenye ukurasa alipokea ada ya tangazo, akaweka nembo yake juu ya picha hizo, akaandika "gari kali sana" na kuendelea na maisha yake.

Hapa ndipo wengine mtaniambia kwamba mwenye ukurasa si muuzaji, yeye anatangaza tu. Kama anatangaza tu, kwa nini anafuta maoni ya aliyeibiwa? Mtu anayefuta onyo ameshachagua upande.

Tuwaseme na madalali, kwa sababu wengi wao si matapeli na bado wanachangia. Picha ya gari ikishaingia katika kundi moja la WhatsApp, inapita kwa dalali wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja akiongeza cha juu chake, yaani faida yake juu ya bei ya mmiliki, mpaka anayezungumza na mteja hajawahi kuliona gari wala hamjui mmiliki. Dalali wa namna hiyo anaomba fedha ya kushikia kwa sababu hana kitu kingine cha kumfunga mteja. Akikupa namba ya mmiliki au akikuelekeza gari lilipo, atarukwa na cha juu kitapotea. Naelewa hofu yake, lakini sioni kwa nini mnunuzi ndiye ailipie. Tena fedha hiyo haina mashiko yoyote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ya zamani kwamba mnunuzi hapati haki kubwa kuliko aliyonayo aliyemuuzia, isipokuwa pale mwenye mali aliporuhusu au alipofanya mtu aaminike kuwa ameruhusiwa. Dalali wa mkono wa nne ambaye mmiliki hajawahi kumsikia hawezi kukushikia gari, kwa maana hata yeye mwenyewe halimo mikononi mwake.

Na wale wanaojifariji kwamba mkataba wa wakili unatosha, wafikirie tena. Mara nyingi wakili anashuhudia kwamba watu wawili wamesaini mbele yake. Hakuhakikisha kwamba kadi ni halisi, wala kwamba gari halijauzwa juzi kwa mtu mwingine kwa mkataba wenye muhuri kama huo huo. Magari mengi mitaani yamepita mikono mitatu bila umiliki kubadilishwa, kadi ikiwa bado na jina la mtu wa kwanza ambaye pengine ameshafariki, na muuzaji anakukabidhi rundo la mikataba iliyokunjwa akisema ni kawaida. Si kawaida. Gari linaweza kuwa ni dhamana ya mkopo, kadi halisi ikiwa kwa mkopeshaji, na hiyo uliyoonyeshwa ikawa imetolewa baada ya mtu kutangaza kwamba ya kwanza ilipotea. Wenzetu Kenya wanaweza kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yao, wakaandika namba ya gari, wakalipia ada na kupata taarifa za NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani, zinazoonyesha mmiliki ni nani. Hapa kwetu njia ninayoiamini ni muuzaji na mnunuzi kufika pamoja Mamlaka ya Mapato (TRA), kila mmoja na namba yake ya mlipakodi (TIN) na kitambulisho chake, kadi ikaguliwe, namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma ilinganishwe na iliyo kwenye kadi, na fedha kubwa itoke siku hiyo, kutoka benki kwenda akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi. Muuzaji anayesema hana muda wa TRA ana muda wa kusubiri mnunuzi mwingine.

Kuhusu magari ya bandarini sitasema mengi, maana utapeli wake ni wa kijinga ingawa bado unawapata watu. Anajitokeza mtu na kitambulisho kilichopigwa picha, anadai ni mtumishi na kwamba yapo magari yaliyokwama yanayotolewa kwa bei ya kishikaji kabla ya mnada. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kweli kuuzwa kwa mizigo isiyogombolewa, lakini kwa mnada uliotangazwa, na malipo ya serikali huenda kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number), si kwa namba ya simu ya mtu.

Wanaoagiza Japani nao wasijione wako salama. Tovuti bandia zinachukua picha na namba za magari kutoka kwa wauzaji wa kweli, zinabadilisha herufi moja katika jina la kampuni, na kushusha bei kidogo tu ili isishtue. Hatari nyingine ni barua pepe inayodukuliwa katikati ya mazungumzo: ankara ya kwanza inatoka kwa kampuni yenyewe, kisha inakuja ya pili ikisema akaunti imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyoipata kwingine, usipige ile iliyo kwenye barua hiyo. Ukitaka kujua kama kampuni ipo, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama wake, na shirika la biashara la Japani, JETRO, limekuwa likitoa tahadhari kuhusu udanganyifu wa aina hii. Karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani, nayo iombwe ikiwa na namba kamili ya chasisi, kwa sababu karatasi hizo zinaghushiwa, na gari la daraja R lililowahi kugongwa na kutengenezwa linapewa daraja la nne kwa kompyuta tu.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Alipopiga simu kwa mtandao wa simu alijibiwa kwamba fedha imeshatolewa, hivyo hakuna cha kurudisha. Jina lililotokea wakati wa kutuma halikuwa la dalali aliyezungumza naye, naye dalali alikuwa amemtahadharisha mapema kwamba litatokea jina la "mhasibu". Laini zetu zote zilisajiliwa kwa alama za vidole, na mwezi Januari 2020 tulizimiwa tulipochelewa. Leo mtu anaibiwa kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na katika kituo alichokwenda akaulizwa kama anamfahamu mtuhumiwa na anakoishi. Angekuwa anamfahamu asingekwenda kituoni akiwa na namba ya simu tu. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka saba, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kosa la udanganyifu unaohusiana na kompyuta. Sheria hatukosi. Tunachokosa ni mtu wa kuandika barua moja kwa kampuni ya simu kuuliza fedha ilitolewa kwa wakala gani na saa ngapi.

Namba ya simu ya tapeli tumeituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kama inavyotakiwa, na nawasihi wote wapige *106# waangalie kama hakuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chao, kwa sababu yule "mhasibu" anaweza kuwa bibi wa kijijini ambaye hajui lolote.

Kwa wenye kurasa za matangazo ninalo dai moja lisilohitaji sheria mpya. Kabla ya kupokea ada ya tangazo, ombeni nakala ya kadi, linganisheni na kitambulisho cha anayetangaza, na pigeni picha za gari wenyewe au mtumieni mtu wenu lilipo. Asiyetaka kufanya hivyo aandike juu ya kila tangazo kwamba hajaliona gari na hamjui muuzaji, tuone atapata wateja wangapi. Na madalali mnaosoma hapa, mkianza kukubali kwamba mteja atoe fedha ya kushikia akiwa amesimama mbele ya gari, mkononi akiwa na risiti yenye jina la mmiliki, hamtapoteza mteja hata mmoja wa kweli.

Kwa sasa ninahitaji msaada wenu katika jambo mahususi. Aliyewahi kufanikiwa kupata taarifa za wakala aliyetoa fedha kwa tapeli, kupitia polisi au mahakama, naomba aeleze ni barua gani ilihitajika, ilisainiwa na nani na ilichukua muda gani. RB, yaani namba ya taarifa tuliyoandikisha polisi, tunayo, kumbukumbu za miamala yote miwili tunazo, na picha za tangazo na mazungumzo ya WhatsApp tulizihifadhi kabla hazijafutwa.