Kwa nini bandari ya Tanga iliboreshwa na ya Bagamoyo ikakwama?

Mwalimu, Bagamoyo

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha kidato cha sita hapa Bagamoyo, na mwezi huu wanafunzi wangu wanajadili sera ya nje ya mataifa yanayoinukia, yaani China, India na Brazili. Tunasoma kwamba mataifa hayo yanashirikiana nasi kwa misingi ya Bandung, yaani mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Indonesia mwaka 1955, ambayo ni kuheshimiana, kunufaishana na kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzio. Hata hivyo, baadhi ya vijana hawa wanatoka Pande na Mlingotini, ambako wathamini walipita kuhesabu minazi na mikorosho kwa ajili ya bandari mpya ya Bagamoyo iliyopangwa kujengwa Mbegani. Shamba la baba yangu mkubwa lilikuwa ndani ya eneo hilo, na tangu miti yake ilipopigwa alama ya rangi hakupanda tena mti wa kudumu. Alilima mihogo tu, kwa kuwa hakujua atahama lini. Makubaliano yalisainiwa Machi 2013 Rais Xi Jinping alipoitembelea nchi yetu, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, kisha kazi ikasimama miaka mingi. Je, niwaeleze vijana kwamba ushirikiano huu unatofautiana kweli na ule tuliouzoea wa nchi za Magharibi?

Karani mstaafu, Ngamiani, Tanga

Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona. Kabla ya bandari yetu kuboreshwa, meli kubwa zilitia nanga kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, kwa sababu kina cha maji gatini kilikuwa mita 3 tu. Winchi ya meli ilishusha magunia kwenye tishari, tishari likavutwa hadi gatini, winchi nyingine ikayapakua tena, nami nikahesabu mzigo uleule mara mbili. Mara nyingi hesabu ya pili ilipungua, na gunia lililochanika halikuwa na mwenyewe. Leo kina kimefika mita 13 na meli zinafunga gatini.

Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Kichina, China Harbour, lakini fedha, shilingi bilioni 429.1, zilitoka serikalini kwetu, na mwenye bandari akabaki kuwa Mamlaka ya Bandari. Hapa Tanga Mchina alikuwa fundi tuliyemwajiri. Huko kwenu kampuni ya China Merchants ilikuja kama mwekezaji, ikiungana na mfuko wa serikali ya Oman, na mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba walitaka dhamana ya miaka 33 na ardhi kwa miaka 99. Taifa ni lile lile na sera yake ya nje ni ile ile. Waeleze vijana waangalie nani ametoa fedha na nani ameandika mkataba, kwa maana Bandung haikusema lolote juu ya miaka 99.

Tena waje waone Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Humo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, CNOOC ya China 8, na mashirika ya Uganda na Tanzania 15 kila moja. Magharibi na Mashariki wamekaa meza moja, na sisi tumo na asilimia 15 zetu.

Msomaji, Chumbageni

Nakubaliana na mzee kuhusu mkataba, ila nisingependa vijana waamini kwamba sera ya nje haina uzito. Mkopo wa masharti nafuu wa Exim, benki ya serikali ya China ya biashara ya nje, kwa kawaida hutaka angalau asilimia 50 ya manunuzi yafanyike China, na ule wa India hutaka asilimia 75 zitoke India. Haya ni masharti, ingawa hayagusi uchaguzi wala katiba yetu. Hata kutoingilia mambo ya ndani kuna mpaka wake: Eswatini, inayoitambua Taiwan ambayo China huihesabu kuwa sehemu yake, haimo katika mikutano ya China na Afrika iliyoanza mwaka 2000, wala katika msamaha wa ushuru ambao China iliutangaza mwaka 2025 kwa nchi 53 za Afrika. Kwa upande wa Brazili, waoneshe mradi wa ProSavana kule Msumbiji, ulioletwa pamoja na Japani kwa mfano wa kilimo cha Cerrado, nyanda za savana za Brazili. Wakulima wadogo waliupinga kwa kuhofia ardhi yao, na mwaka 2020 ukafungwa.

Mwalimu, Bagamoyo

Shikamoo mzee, na ahsante ndugu wa Chumbageni. Nimebadilisha mada ya mjadala. Badala ya kuuliza nani rafiki wa kweli, kila kundi litapewa mradi mmoja, Tanga, Mbegani, Chongoleani na ProSavana, lieleze nani alitoa fedha, nani angemiliki mali, na mkulima aliyekuwa juu ya ardhi ile aliulizwa lini. Kundi la Mbegani nitalipeleka kwa baba mkubwa. Alama za rangi bado zinaonekana kwenye minazi miwili.