Tupeane uzoefu: Kumaliza viroboto kwenye nyumba yenye mbwa na paka

#1 (mleta mada)
Wakuu, swali ni lilelile kila msimu wa joto na unyevu: mbwa kaogeshwa, paka kapakwa dawa, na bado viroboto wanarukia miguu sebuleni. Tukusanye mbinu hapa. Wekeni vipimo na viambato. "Ile dawa ya kopo la bluu" haimsaidii mtu, geuza kopo usome nyuma.

Kwanza hakikisha ni viroboto. Pitisha chanuo lenye meno ya karibu (lile la chawa linatosha) kiunoni, juu ya mkia, kisha kung'utia uchafu kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikitoa wekundu kama kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyokauka. Zisipotoa rangi ni mchanga tu.

#2
Wale unaowaona kwenye manyoya ndio wachache. Jike mmoja hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayanati kwenye manyoya: mnyama akijikuna yanamwagika anapolala. Yanatoka lava (viroboto wachanga kama funza) wanaokimbia mwanga, wanakula kile kinyesi chenye damu, halafu wanajifunga kwenye kifuko chenye gundi kinachonasa vumbi mpaka huwezi kukitofautisha na taka. Kwa joto la Tanga au Mombasa mzunguko mzima unaweza kuisha ndani ya wiki 3 hivi. Ndiyo maana mnyama, matandiko na sakafu vinashughulikiwa siku moja. Ukimwogesha mbwa Jumamosi na kupuliza nyumba Jumamosi ya pili, umefanya kazi ya bure mara mbili.

#3
Upande wa mnyama. Dawa ya viroboto ya fiproni ya kudondoshea mgongoni (ile ya asilimia 10) inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo. Paka mmoja ni ml 0.5. Mbwa wa kilo 2 hadi 10 ml 0.67, kilo 10 hadi 20 ml 1.34, kilo 20 hadi 40 ml 2.68. Tenganisha manyoya katikati ya mabega mpaka uone ngozi, dondoshea hapo. Kosa kubwa ni kumwaga juu ya manyoya: dawa inaishia kwenye kochi. Asiogeshwe siku 2 kabla na siku 2 baada. Kitoto chini ya wiki 8 asipakwe, mchane tu na kutumbukiza chanuo kwenye maji ya sabuni. Akiwa na fizi nyeupe, damu imepungua, mpeleke kwa daktari leo. Fiproni usimpake sungura kabisa, inaua.

Na wenye paka someni hili mara mbili: PERMETHRINI NI SUMU KWA PAKA. Ni kiambato cha kuua wadudu, na dawa nyingi za mbwa zinacho. Paka akianza kutetemeka na kudondosha mate baada ya kupakwa, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mbio kwa daktari. Maziwa hayaondoi sumu hiyo.

#4
Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Dawa ya josho la ng'ombe ambayo watu wanawaogeshea mbwa mara nyingi ni amitrazi. Inaua kupe, viroboto haiwawezi, na kwa paka ni hatari. Mafuta ya taa ndiyo kabisa, yanaunguza ngozi na mnyama anayalamba.

Anayeogesha kwa sabuni aanze na pete ya povu shingoni kabla ya kulowesha mwili, la sivyo viroboto wote wanakimbilia masikioni. Acha povu dakika 10. Hapo unaua waliopo tu, kesho wengine wanapanda.

#5
Nyumba sasa. Matandiko ya mnyama yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au yachemshwe. Mkeka na zulia toa nje, pigapiga, anika juani mchana kutwa, maana lava hawavumilii ukavu wala joto kali. Kochi ligeuze, fagia mishono na chini yake. Taka zifungwe kwenye mfuko zitoke nje saa hiyohiyo, zisilale jikoni.

Kisha puliza. Chagua dawa ya nyumbani yenye pairethroidi (kundi la viua wadudu) pamoja na kizuia ukuaji (piriproksifeni au methopreni), maana bila hicho mayai yanaendelea kama kawaida. Kipimo cha kuchanganya fuata lebo. Mchanganyiko wenyewe ni kama lita 1 kwa mita za mraba 20, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 kinakula ml 600. Lenga pembeni mwa kuta, nyufa za saruji, uvungu wa kitanda, chini ya ngazi. Katikati ya chumba panapodekiwa kila siku si shida sana. Tangi la samaki lifunike na uzime pampu. Watu na wanyama warudi pakishakauka kabisa, na pembeni usipige deki wiki 2. Hapo ndipo wengi wanaharibu: jioni wanadeki na kumwaga dawa yote uani.

#6
Vipi wanaoonekana tena wiki ya pili, dawa imegoma?

#7
Hapana ndugu, hao wanatoka kwenye vifuko. Dawa haipenyi kifuko, na mdudu anaweza kukaa humo miezi mpaka asikie mtikisiko au joto la mwili. Ndiyo sababu nyumba iliyokaa tupu muda mrefu inalipuka viroboto siku ya kuhamia. Fagia kila siku ili watikisike watoke wakanyage dawa, na mnyama aliyepakwa aendelee kulala palepale, yeye ndiye mtego. Rudia dawa ya mgongoni kila mwezi, miezi 3 mfululizo. Kupima maendeleo: beseni la maji ya sabuni sakafuni usiku, taa juu yake, hesabu asubuhi.

#8
Uani usipoteze dawa penye jua. Fanyia kazi kivulini: banda la mbwa, chini ya mwembe, chini ya gari bovu. Ondoa majani makavu kwanza.

Ukiona vipande kama punje za mchele mkunduni mwa mbwa, ni tegu anayempata kwa kumeza kiroboto. Mpe dawa ya minyoo ya prazikwanteli mg 5 kwa kilo, yaani kidonge cha mg 50 kwa mbwa wa kilo 10. Watoto wadogo nao huweza kumpata kwa njia hiyohiyo.

Wenye kuku: viroboto walioganda usoni na kwenye upanga ni aina nyingine, hawaruki ukiwagusa. Wapake mafuta ya mgando mazito, usiingize machoni.