Mjadala: Kufunga Pirates wakati wa korona, ilikuwa halali?

Mtoa mada: Hamjambo. Nauliza wa Mombasa hasa, ila yeyote akaribie. Korona ilipoingia mwaka 2020 ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ndio Pirates yetu, ulifungwa. Mimi nasema tulikosea. Ugonjwa huu hupendelea chumba kilichojaa watu, hewa haipiti. Pirates kusi inavuma hadi kofia yaruka! Mwenye nyumba ya bustani Nyali alipata pa kunyoosha miguu. Aliye na chumba kimoja Kisauni, watoto wanne, mabati juu, akaambiwa atulie ndani.

Halafu tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, pale feri Likoni polisi waliwapiga watu virungu na kuwarushia vitoa machozi, saa moja jioni haijafika. Watu wakabanana, wakikohoana. Hiyo ndiyo kinga?

Mchangiaji 1: Kaka, Pirates ya Idi waijua au waisikia? Kuanzia kwa wauza viazi karai mpaka majini ni bega kwa bega. Tyubu moja ya kuogelea yashikwa na watoto sita. Upepo sikatai, lakini wote hao wamekuja na matatu na watarudi na matatu. Na wakati ule chanjo hakuna, ilitufikia Machi 2021. Ningekuwa mkubwa wa kaunti ningefunga vilevile, mnitukane.

Mtoa mada: Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, haikufungiwa barabara. Kwa nini ufukwe usihesabiwe watu vivyo hivyo? Jumanne asubuhi pale huwa kuna nani, zaidi ya wazee wanaotembeza magoti?

Mchangiaji 2: Nyinyi mna nafuu. Huku Kampala, Aprili 2020 Rais Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje kabisa, kisha akatoa video anakimbia pekupeku ofisini mwake na kupiga pushapu. Ofisi ile ni kubwa kuliko nyumba yetu na ya jirani tukiziunganisha. Nilijaribu kukimbia sebuleni, nikagonga kabati.

Mchangiaji 3: Mwazungumza kuogelea tu. Mimi nauza madafu pale. Dafu halingoji serikali ifikirie. Supamaketi ilibaki wazi, watu wakashika toroli zile zile, mimi wa chini ya mnazi nikafukuzwa.

Mchangiaji 1: Kwa hilo la madafu sina jibu, wangekuachia kona ya kuuzia nje ya lango. Lakini mtoa mada, hao watu wa Jumanne nani angewahesabu? Askari wale wale wa feri?

Mtoa mada: Pirates ina vijana waokoaji wanaojua kila uso pale. Wangepewa barakoa na filimbi. Nani mwingine ana hoja?