Tupeane uzoefu: umeshawahi kuachwa na ndege ukiwa na tiketi mkononi?

Kiti 14C
Wakuu, nianze mwenyewe. Ilikuwa Mwanza, ndege ya jioni kurudi Dar. Tiketi nililipia wiki tatu nyuma, uwanjani nimefika mapema, nina begi moja na boksi la sato nililolijaza barafu na kulizungushia selotepu mpaka likawa kama mzigo wa magendo. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akamwangalia mwenzake, akaniambia, "Kaka, subiri pembeni kidogo." Hicho kidogo kikala dakika arobaini. Pale pembeni tulikuwa watano. Wawili wakaitwa, sisi watatu tukabaki. Ndege imejaa, mtaondoka kesho asubuhi.

Hakuna aliyeuliza kama kuna mwenye nafasi ya kusubiri. Akaja kaka mwingine na karatasi: "Saini hapa ndugu, ndiyo upewe hoteli." Nikasaini. Usiku, boksi linachuruzika maji kwenye vigae vya bafuni, ndipo nikaisoma vizuri. Kumbe nimekubali kwa hiari yangu kubadilisha safari. Hiari! Nilipodai fidia nikarudishiwa kopi ya karatasi hiyohiyo. Sato nikampa mlinzi wa hoteli. Nani mwingine yamemkuta?

Mtu wa Kisauni
Pole ndugu yangu. Basi likiuza kiti kimoja mara mbili, utingo hukutafutia ndoo ukaketi katikati. Ndege haina ndoo.

Kaunta Mstaafu
Nimekaa kaunta miaka sita, niwatetee wenzangu kidogo. Anayeuza tiketi kuzidi viti si yule dada. Ni mfumo wa makao makuu: unajua kila safari kuna watu hawatokei, basi unauza na viti vyao. Siku nyingi hesabu inakubali na hakuna anayejua. Siku wote wakitokea ndiyo mnawekwa pembeni. Na kuna siku hakuna kilichouzwa kuzidi: ndege kubwa imepata hitilafu, imeletwa ndogo. Au jua kali, njia ya kurukia fupi, rubani anataka uzito upungue.

Nani anaachwa? Kila shirika na utaratibu wake. Kwetu orodha ilianza na aliyechekini mwisho, mwenye tiketi ya bei ya chini, anayesafiri peke yake. Mama mwenye watoto au mgonjwa tulikuwa hatumgusi. Kwa hiyo chekini kwa simu mara tu wakifungua.

Ila 14C, hiyo karatasi hata sisi tulikuwa nayo. Aliyejitolea na aliyeachwa bila ridhaa ni watu wawili tofauti kwenye ripoti, na yule wa kwanza anagharimu kidogo. Usingesaini.

Mie wa Muscat
Siye ilikuwa wiki ya Idd, twaenda Unguja, mie na mke wangu na watoto watatu. Wakasema viti vipo vitatu, wawili wangoje kesho. Nikauliza, "Wawili gani? Huyu wa miaka minne?" Sikusaini, sikuondoka mbele ya kaunta, na sauti sikupandisha. Foleni nyuma yangu ikanung'unika. Baada ya nusu saa viti vitano vikapatikana. Nadhani kuna wawili walioachwa kwa ajili yetu, wallahi hilo bado lanikaa rohoni.

Baridi ya Uholanzi
Mimi nililipwa, euro 600. Ilikuwa Schiphol, uwanja wa Amsterdam, naenda Nairobi. Umoja wa Ulaya wana kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Kwanza lazima watafute wa kujitolea. Wakikuacha bila ridhaa yako, na ulichekini kwa wakati, fidia ni euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, juu yake chakula, hoteli ikibidi kulala, na wewe uchague: nauli irudi au wakutafutie safari nyingine. Vocha badala ya pesa ni mpaka ukubali kwa saini.

Kijana wa kaunta alianza na vocha ya 400. Nikamwomba ile karatasi ya haki za abiria, ambayo kanuni inamtaka anipe bila hata kuombwa. Akatabasamu, akavuta droo. Zilikuwemo, rundo zima.

Mama Junior
Hiyo inanisaidia nikitoka Dar kwenda huko?

Baridi ya Uholanzi
Inategemea ndege ya nani, dada. Ukiondokea Ulaya, shirika lolote linabanwa. Ukiondokea Dar kwenda Ulaya, ni mpaka ndege iwe ya shirika la Ulaya. Ukipanda ya Addis au Doha hapo Dar, kanuni hiyo haikuhusu.

Mbeba Maboksi, Ohio
Marekani ni mnada. Wanatangaza mlangoni: nani atabaki kwa dola 300? Mimi mbio mbio mkono juu. Jamaa nyuma yangu akatulia tu, akaondoka na 900. Ndege ileile! Wakikosa wa kujitolea wakakuacha wewe, na ukafika uendako umechelewa sana, fidia ni asilimia 400 ya nauli ya kwenda, na tangu 2025 kikomo ni dola 2,150.

Mnamkumbuka daktari David Dao, Chicago, Aprili 2017? Alishakaa kitini, akaburutwa kwenye ujia uso una damu ili kupisha wafanyakazi wanne wa shirika. Mwaka uliofuata ikapita sheria kwamba aliyekwisha kupanda hateremshwi kwa sababu ndege imejaa.

Kiti 14C
Kwa hiyo mimi nilijitolea bure. Hata hizo 300 sikuulizwa.

Kaunta Mstaafu
Karatasi bado unayo? Angalia kama kuna saa uliyosaini. Ikiwa ni baada ya mlango kufungwa, hukujitolea, ulikuwa umeshaachwa. Peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja na bodingi pasi ya kesho yake.

Kiti 14C
Ninayo. Ngoja niisome vizuri, saa imeandikwa kwa kalamu na maji ya sato yaliipitia.